Barua kwa Hamisi, Berlin

Hamisi bwana,

Salamu tele kutoka Tanga. Sisi wazima, mvua haikatiki, na Chande kaoa tena (usicheke, hata mimi nimechangishwa). Kimya kirefu ni changu na ni chako pia, kwa hiyo tusilaumiane.

Nina shida. Kidato cha nne nawafundisha Ujerumani ya Hitler, na darasa limenikaba koo. Wanaamini mwendawazimu mmoja aliwateka watu wote kwa usiku mmoja. Nikawaambia sivyo. Uchaguzi wa Novemba 1932 chama chake kilipata asilimia 33 tu, tena kilikuwa kimeshuka kutoka 37 za Julai. Ukansela alipewa na Rais Hindenburg, 30 Januari 1933, kwa ushauri wa waungwana waliodhani watamwendesha kama punda. Machi 23 bunge lenyewe likaipa serikali ruhusa ya kutunga sheria bila bunge: kura 444 kwa 94. Waliokataa ni SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, peke yao. Wabunge wa Kikomunisti walishafungwa au kukimbia. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na mahakimu? Na makarani? Na walimu?" Nikamjibu walikuwa kazini, wanagonga mihuri. Jibu lilinitoka tu, lakini limeninyima raha.

Ndipo nikamkumbuka Bayume Mohamed Husen. Mzaliwa wa Dar, 1904, mtoto wa askari, naye akapigania Wajerumani angali mtoto, Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Wakamnyima. Akabaki huko, akahudumu mezani Haus Vaterland, jumba la starehe, na chuo kikuu akawa anafundisha Kiswahili. Hebu fikiri: dola inamwona mtu mweusi ni takataka, na papo hapo inamtaka awafundishe watu wake Kiswahili, kwa kuwa inaota kurudishiwa Tanganyika! Vita vilipoanza 1939 aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa, ila ngoja, hiyo tutaibishania ukija. 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani. Mahakamani hakufika, alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko Novemba 1944.

Narudi kwenye mihuri, nisamehe. Gestapo hawakuwa wengi kiasi tunachodhani. Majirani na wafanyakazi wenzako ndio waliopeleka maneno, karani akafungua faili, mwingine akaweka sahihi, jioni kila mtu akaenda kula kwake. Darasa langu linataka jini, mimi nina makarani. Mwalimu mkuu naye ananiambia nimalize mtaala.

Sasa ombi. Brunnenstraße 193 kuna kijiwe cha shaba chenye jina la Husen, kimefukiwa hapo njiani. Nipigie picha, maandishi yasomeke. Ni mbali na kwako? Na Sachsenhausen inafikika kwa treni? Wazee wa huko wanasemaje wakiulizwa wazazi wao walifanya kazi gani miaka ile, au hawaulizwi? Wewe ungemjibu nini yule binti? Shemeji hajambo? Mama yako anauliza Desemba unakuja au ni maneno yale yale ya mwaka jana? Mtihani wa mock ni mwezi ujao, kwa hiyo picha ifike mapema.

Wako,
Mwalimu Rajabu