Namba ya akili kwenye barua ya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaotafuta kazi, na niseme pia na wale wanaofungua bahasha zao.

Mimi nina steshenari ndogo hapa Wete, karibu na soko. Napiga chapa, natoa fotokopi, nalaminisha vyeti. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa utumishi kwa miaka 19. Barua za kuomba kazi nilizipokea mezani muda wote huo, na sasa ni mimi ninayeziandika.

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, aliingia kijana wa miaka 22 na bahasha ya kaki. Alitaka nimtengenezee wasifu wa kuombea nafasi ya mtunza stoo huko Chake Chake. Nikaanza kama kawaida: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, skuli alizosoma. Tulipofika hapo akanisogezea simu yake akasema, "Mama, hii naomba iwe juu kabisa, chini ya jina langu, kwa herufi nzito." Kwenye kioo palikuwa na cheti chenye nembo ya dhahabu, na katikati yake imeandikwa IQ 142, yaani namba ya kiwango cha akili.

Nikamuuliza amekipata wapi. Alijibu maswali 40 ya maumbo na namba kwenye mtandao, akamaliza chini ya nusu saa, kisha akaambiwa alipe ndipo aone majibu. Alilipa kwa kadi ya rafiki yake aliyeko Unguja, na deni lile hajalimaliza. Nikamwambia, "Mwanangu, hii tusiiweke." Alinyamaza kidogo, akaangalia mlangoni, halafu akasema: "Mama, cheti changu ni divisheni foo. Hiki ndicho kitu pekee kinachosema kwamba mimi si mjinga."

Maneno yale yamenikaa. Kijana huyu alipokuwa kidato cha nne baba yake aliugua, na yeye ndiye aliyekwenda kumuuguza Unguja karibu muhula mzima. Alirudi wiki tatu kabla ya mtihani. Hayo yote hayamo kwenye cheti chake, na mtu anayekisoma atadhani amekutana na mtoto asiyependa kusoma.

Sasa niseme kwa nini nilimkatalia, maana sikumkatalia kwa kumdharau.

Kwanza, nimewahi kukaa ndani ya chumba ambacho barua kama ile ilifunguliwa. Sitataja ofisi wala mwaka. Tulikuwa watano tukipunguza maombi ya nafasi mbili za ukarani. Mwombaji mmoja alikuwa ameandika kiwango chake cha akili kwenye mstari wa kwanza wa barua. Mwenzetu alisoma kwa sauti, wengine wakacheka, na mmoja akasema, "Huyu atatuona sisi wote wapumbavu." Barua ikawekwa upande wa waliokataliwa bila ya mtu kufungua ukurasa wa pili. Mimi nilikuwa nimeshaufungua. Mtu yule alikuwa ameweka hesabu za chama cha kuweka na kukopa cha kijijini kwao kwa miaka minne. Ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Nami sikusema kitu. Nilikuwa mdogo wao kwa cheo na niliona haya, na hadi leo nikikumbuka nasikia uzito kifuani. Waliocheka walikosea, na mimi niliyenyamaza nilikosea zaidi. Lakini kijana anayetuma barua leo hawezi kuingia chumbani humo kuwazuia wasicheke. Anachoweza ni kuwapa kitu ambacho hakichekeki.

Pili, namba yenyewe. Usiku ule nilikaa nikasoma habari zake, kwa sababu nilitaka nikimwambia kijana "hapana" niwe najua ninachokisema. Mtihani wa namna hii ulianzia Ufaransa. Mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitengeneza maswali ya kuwatambua watoto wa skuli waliohitaji msaada zaidi wa masomo. Binet hakukubali kwamba akili ya mtoto ni kitu kisichoongezeka, na aliwapinga waliosema hivyo. Nilisimama hapo muda mrefu. Kumbe kipimo hiki kilianza ili mwalimu amtambue mtoto anayebaki nyuma akamsogelee, na kijana wangu alipobaki nyuma hakuna aliyemsogelea.

Mitihani inayotumika siku hizi imepangwa hivi: wastani wa watu ni 100, na katika kila watu mia, karibu wawili tu ndio wanaofika 130 au zaidi. Anayepata 142 ni adimu mno, hawafiki hata watatu katika elfu. Mtihani wa kweli kwa kawaida unasimamiwa na mtaalamu wa saikolojia aliyesomea kazi hiyo, amekaa na mtu mmoja ana kwa ana, kwa saa moja au zaidi. Basi wiki ile ile akaja kijana wa pili na 139 kutoka mtandao ule ule, na binti wa jirani yangu akaniambia yeye amepata 141. Inawezekana Wete tuna neema kubwa, nami nawaombea iwe hivyo. Lakini mtu anayeuza cheti ana sababu ya kumfurahisha mnunuzi. Mwajiri anayeijua mitihani hii atauliza nani aliyekupima na kwa mtihani gani, na jibu la "mtandaoni" litamfanya avitilie shaka hata vyeti vyako vya haki.

Sisemi kwamba kupima akili ni upuuzi. Watafiti wa mambo ya kazi wameona kwa miaka mingi kwamba mitihani ya kufikiri ina uhusiano na jinsi mtu anavyoishika kazi mpya. Ndiyo maana baadhi ya waajiri huwapa waombaji mtihani wao wenyewe. Mwajiri wa namna hiyo atakupima kwa mizani yake, hana haja na namba uliyokuja nayo. Na hata huko namba kubwa si lazima ikusaidie. Marekani, katika mji wa New London, jimbo la Connecticut, mtu mmoja aliomba kazi ya polisi akapata 33 kati ya 50 kwenye mtihani wa kufikiri. Hawakumwita kwenye usaili. Walikuwa wakiwaita waliopata kati ya 20 na 27, wakihofia kwamba mwenye alama nyingi atachoka na kazi aondoke baada ya kusomeshwa. Akashitaki, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema idara ile haikuvunja haki yake. Mimi naona walimdhulumu. Lakini kijana ajue kwamba wapo wenye fikra hizo, na mkuu wa stoo akiona 142 anaweza kujisemea kwamba huyu hatamaliza miezi mitatu.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimwambia akae kwenye kiti, nikazima mashine ya fotokopi, nikamuuliza amefanya nini tangu amalize skuli. "Sijafanya kitu, mama. Nilikuwa namsaidia ami yangu kwenye karafuu tu." Nikamwambia anieleze hiyo "tu".

Ami yake alikodi shamba msimu uliopita akaweka wachumaji 23. Karafuu zikishachambuliwa jioni na makonyo kutolewa, kila mchumaji hupimiwa zake kwa pishi na hulipwa kwa idadi ya pishi. Kijana ndiye aliyekuwa akiandika. Siku ya pili akaniletea daftari lenyewe, lina madoa ya mafuta ya karafuu na bado linanukia. Kila ukurasa una siku yake: jina, pishi, alicholipwa, anachodai. Pembeni alikuwa ameongeza kitu ambacho hakuna aliyemtuma: karafuu mbichi zilizoanikwa siku ile, na chini yake, siku chache baadaye, kilo kavu zilizotoka. Wiki ya tatu akaona kilo kavu zinapungua kuliko hesabu ya pishi inavyosema. Ami akashuku wizi kwenye majamvi. Kijana akasema tungoje kwanza. Akagundua kwamba upungufu unatokea kwa wachumaji wanaopimiwa upande mmoja wa ua tu. Akachukua zile pishi mbili za bati, akajaza moja maji, akamimina kwenye nyengine. Hazikuwa sawa. Moja ilikuwa imebonyea kitako kwa ndani, kwa hiyo ilijaa upesi, na ami alikuwa akilipia karafuu ambazo hazimo. Hakuna aliyeiba. Pishi ikabadilishwa, na wachumaji waliokwisha kutazamwa kwa jicho baya wakaombwa radhi.

Nilipomaliza kusikiliza nilimwambia, "Mwanangu, hii ndiyo tunayoiandika juu." Tukaandika mistari minne: ameweka hesabu za wachumaji 23 msimu mzima, amelinganisha mzigo mbichi na mkavu kila siku, amegundua kasoro ya kipimo na kuithibitisha, na daftari lipo kwa atakayetaka kuliona. Divisheni foo tukaiweka mahali pake bila ya kuificha, na ndani ya barua sentensi moja ya kweli kuhusu ugonjwa wa baba yake. Ile namba haikuingia. Alipousoma wasifu wake alirudia mistari ile mara tatu akaniuliza, "Mama, hii inaruhusiwa kuandikwa?" Katika miaka yake yote ya skuli hakuna aliyemwambia kwamba kazi aliyoifanya nyumbani ni kazi.

Nawaomba vijana wenzake: ukija kwangu au kwa mpiga chapa mwengine yeyote, njoo na daftari lako, picha ya ulichokitengeneza, simu ya mtu uliyemfanyia kazi. Kama umepimwa kwa haki na namba yako ni kubwa, furahi nayo, mwonyeshe mama yako, lakini kwenye barua ya kazi iache.

Na nyinyi mnaotangaza nafasi humu gazetini, kila tangazo linataka cheti, uzoefu na umri. Wekeni na jaribio. Anayeomba utunza stoo mpeni vitabu viwili vya stoo visivyolingana na nusu saa ya kutafuta kasoro iko wapi. Kuandaa jaribio hilo ni kazi ya asubuhi moja. Kijana wangu alipeleka bahasha yake Chake Chake kwa mkono wake, na hadi naandika barua hii hajaitwa. Daftari amelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisiloe, analingoja.

Msomaji wako,
Mpiga chapa, Wete, Pemba