Kwako uliyeniita jamaa wa kuprinti

Mwana wa mama mdogo,

Nimeiona hudi mpya. Alivaa mtu nisiyemjua, kapanga foleni mbele yangu, mgongoni lile jicho lenye ukope mmoja mrefu, nikasogea mpaka karibu nimguse nisome lebo ya shingoni. Imefumwa. Hongera. Enzi zetu lebo ilikuwa muhuri tu tunagonga na ukifua mara tatu haupo. Kitambaa kizito, mshono umenyooka, sina pa kukosoa (ninapo, nitafika huko).

Watu wanasema haya mambo tuyamalize kifamilia. Kifamilia tumeshindwa miaka mingapi sasa? Acha niandike hapa na wale wanaouliza mbona sipo kwenye picha za mwanzo wasome.

Sisi hatukuanza kuuza nguo. Tulianza na stika na vipeperushi vya shoo za wale wana wa pank waliokataliwa kila ukumbi, alafu wana wa skeiti wakaanza kuleta tisheti zao wenyewe, chakavu, hata za kazini, wananiambia nipigie hilo jicho hapa. Walikuwa wanafukuzwa na walinzi kila ngazi wanayoteleza, kamera kila kona, na jicho ndo lilikuwa jibu lao, kwamba na sisi tunakuona. Sasa nasikia mwenye jengo walilokuwa wanafukuzwa kamnunulia mwanae nguo yenye hilo jicho. Sawa tu, mtoto hana kosa.

Na cherehani ya mama mdogo, unakumbuka alivyokuja usiku akakuta tumeivunja sindano ya tatu, akakaa mwenyewe akashona mpaka asubuhi bila kusema neno? Hiyo huwa naikumbuka hata nikiwa na hasira na wewe.

We ndo ulinisimulia habari za Shawn Stüssy, jamaa wa California aliyekuwa anachonga mbao za kuteleza kwenye mawimbi anaandika jina lake kwa mkono juu yake, miaka ya 80 akaliweka kwenye tisheti ili mbao ziuzike, watu wakataka tisheti. Ulikuwa unasimulia kama vile ulikuwepo. Ila ulikuwa unaishia hapo. 1996 yule bwana aliondoka, na mwandiko wake ukabaki kwenye nguo mpaka leo. Mwandiko wa mkono wako unauzwa na wengine na wewe uko hai unapita dukani unauona. Nilikuuliza hilo ukanijibu na Supreme, kwamba duka la skeiti lililofunguliwa New York 1994 limekuja kununuliwa 2020 kwa dola bilioni 2.1, ona skeiti inavyofika. Haya, na 2024 wanunuzi hao hao wakaliachia kwa bilioni 1.5. Sifurahii hasara ya mtu. Nafurahia kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama bado unapokea ushauri: jicho lisiende kwenye kila soksi na kila kava la simu. Toa kidogo, kiishe, watu waulizane. Na usimharakishe anayeprinti, maana ule wino kwa juu unaonekana umekauka kumbe bado, usipoufikisha nyuzi joto kama 160 unapasuka kwenye ufuaji wa kwanza, nilikwambia, ukasema zitoke hivyo hivyo watu wanasubiri, zikapasuka, na lawama nikabeba mimi. Sikukutaja. Sijawahi kukutaja mpaka leo.

Lakini hilo nilishasamehe. Ni ile siku ya wageni wawili wenye mtaji. Nilikuwa sijalala, nimepiga tisheti 160, zimebaki 40, kucha zote nyeusi. Ukawaingiza, ukawaonyesha fremu za kuprintia, ukawaonyesha nguo, alafu ukanyoosha kidole ukasema, "na huyu ni jamaa wetu wa kuprinti." Mmoja akatoa mkono, akauona wangu ulivyo, akaurudisha akatikisa kichwa. Ukacheka. Mi nikasubiri uongeze kitu, hata neno moja, ndugu yangu, au ndo kachora, chochote. Ukafungua kompyuta na jicho langu likajaa skrini nzima ukaanza kuwaeleza maana yake. Nikageuka nikamalizia zile 40. Hakuna aliyeniambia niache.

Unawaambia watu nimeiba fremu. Fremu nimezichonga mimi kutoka dirisha bovu, jicho nimelichora mimi nyuma ya risiti, usiku ule tuliolala ukumbini. Ndio, nilijua nguo zinatoka Ijumaa. Ndio, nilijua oda zilishalipiwa na utakaa na watu wenye hasira. We ungefanya nini? Jibu kweli. Jamaa wa kuprinti akiondoka anaondoka na vifaa vyake.

Mama mdogo anasema kwenye ile bahasha uliyoniachia jina langu lipo, tena ukurasa wa kwanza. Sijui. Sijaifungua. Mara mbili nimeshika kisu nikakirudisha, na usinitumie mtu wa kuniuliza kwa nini.

Sasa ile kasoro. Kwenye hudi yako mpya ukope umeelekea kushoto. Mi niliuchora unaelekea kulia. Najua mmelinakili kutoka ile picha uliyojipiga mbele ya kioo umevaa tisheti ya kwanza kabisa, maana mchoro wa asili hamna. Maelfu ya watu wanatembea na jicho lililogeuzwa na hakuna hata mmoja hapo kwenu aliyeona. Fremu ya kwanza iko chumba cha nyuma, nimeifunika shuka isipate vumbi. Ni kubwa, haiingii kwenye begi. Uje na gari.