Ofisi ya ushauri nasaha ihamie zahanati ya chuo

Mhariri,

Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha, ila mara nyingi imewekwa jengo la utawala, mkabala na foleni ya ada. Nani atagonga mlango huo darasa zima likimtazama? Ihamishiwe zahanati, ambako mtu huenda hata kwa mafua.

Dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona, nalo hutumika vibaya. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mwanafunzi afanyiwe tathmini kamili. Kosa ni kujumlisha na kuishia hapo. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru: likipata zaidi ya 0, hata jumla ikiwa 4 tu, mshauri azungumze naye siku hiyohiyo, amuulize waziwazi kama ana mpango. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akiwa nao, asirudishwe bweni peke yake. Asindikizwe hospitali, na vidonge vilivyomo chumbani viondolewe.

Anayeanzishiwa dawa za sonona naye aambiwe mapema kuwa nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Wapo wanaoziacha siku za mwanzo, kinywa kikavu, tumbo likisokota, wakidhani hazifai.

Washauri nasaha,
Morogoro