Weka mkasi chini kwanza, Hamisi

Saitama, Japani
18 Februari

Ndugu yangu mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie huko Hamburg, wewe, shemeji na watoto. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Maneno haya huwa tunayaandika kwa mazoea, lakini safari hii hofu ninayo kweli, na sababu yake ni ule mti ulioachiwa na jirani yako, ile bonsai ya momiji, yaani maple ya Kijapani inayotunzwa ikiwa ndogo ndani ya chungu.

Madhumuni ya barua hii ni kukuomba usilikate lile tawi nene kabla ya mwezi wa sita. Umeandika kwamba utalishughulikia theluji ikishaondoka, na kwamba mkasi umeshanunua. Kwa tawi la unene ule, huo ndio wakati usiofaa kabisa. Momiji huanza kupandisha maji kabla hata jani moja halijaonekana; ukiutazama kwa nje utadhani umelala, kumbe mizizi imeshaamka, na jeraha lolote la majira hayo hutiririsha utomvu tone baada ya tone, hata dawa ya kuziba haishiki kwa sababu mti umelowa. Sisemi kwamba utakufa kwa hilo peke yake. Nasema utapoteza nguvu uliyojiwekea tangu mwaka jana, na kidonda kitachelewa kufunga. Subiri majani ya kwanza yakomae, yaache ule ulaini wa kitoto, ndipo ukate. Wakati huo gome hutambaa juu ya jeraha upesi. Vitawi vyembamba unaweza kuvipunguza majani yakishapukutika, mwezi wa kumi na moja, umbo lote linapokuwa wazi mbele yako.

Kuhusu lipi litoke, nimeitazama sana picha ya pili. Momiji hutoa majani yake mawili mawili yanayoelekeana, na kwenye kila kikonyo kuna chipukizi, kwa hiyo matawi nayo hupenda kutoka mawili mahali pamoja, moja kulia na jingine kushoto. Yakiachwa yote yakanenepa, shina huvimba hapo na uvimbe huo hauondoki tena. Hilo ndilo limeanza kutokea kwako karibu na kilele. La kushoto lina mwinamo mzuri kidogo, libakie. La kulia ndilo litoke, lakini mwezi wa sita, Hamisi, si sasa.

Ninarudia kwa sababu naujua mkono wako. Ulikulia kwenye ule ua wa michongoma wa Mzee Kiondo, uliokuwa ukiusawazisha kwa panga mpaka unakuwa kama ukuta, na michongoma haikuwahi kulalamika. Momiji ukiunyoa namna hiyo, kila ncha iliyokatwa itatoa machipukizi mawili, nayo ukiyakata yatatoa manne, na baada ya muda utakuwa na mafundo nje na giza ndani, na vitawi vya ndani vitakufa kwa kukosa mwanga. Picha yako inaonyesha kwamba kazi hiyo imeshaanza: juu kumefunga kabisa, na lile tawi la chini, ambalo ndilo litakaloupa mti sura ya utu uzima, limebaki na vijani vya kuhesabika. Nguvu ya mti huu hukimbilia juu. Kupogoa, kwa sehemu kubwa, ni kuinyima juu ili ifike chini. Kwa hiyo juu punguza bila huruma wakati wake ukifika, na lile la chini usiliguse hata kwa kucha. Liache lirefuke hovyo mwaka mzima, hata kama linachukiza macho, kwa kuwa tawi hunenepa kwa kurefuka. Likishapata unene utakaoupenda, ndipo utalirudisha nyuma mpaka kwenye jozi ya kwanza ya macho, yaani machipukizi ambayo hayajafunguka.

Umeuliza pia kama ni kweli Wajapani huuchuna mti huu kwa kibano. Ni kweli, na nimeona kwa macho yangu. Mwezi wa nne uliopita nilikwenda Omiya, kwenye kile kijiji cha bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923. Katika bustani moja nilimkuta mzee ameketi mbele ya momiji ambao shina lake lingejaza viganja viwili. Chipukizi linapofunguka, majani mawili ya kwanza hutoka yamekunjana, na katikati yao hubaki kincha chembamba kama uzi, ambacho usipokaza macho hukioni. Mzee alikuwa anayatenganisha majani yale kwa kidole, anakishika kincha kwa kibano, anakivuta, kisha anahamia chipukizi la pili. Ukikichelewesha kincha hicho siku chache tu, kinakuwa pingili ndefu, na pingili ikishakuwa ndefu hakuna ufundi wa kuifupisha isipokuwa kuikata. Machipukizi hayafunguki pamoja, kwa hiyo mtu hulazimika kuuzungukia mti ule ule kila siku mpaka yaishe. Nilimwamkia akaitikia kwa kichwa, macho hayakuondoka kwenye mti, nami nikaona si adabu kuuliza zaidi.

Lakini usije ukakimbilia kibano! Kazi ile ni ya mti uliokwisha kupata umbo, ambao kinachotafutwa ni vitawi vifupi na vyembamba. Inauchosha mti. Kwako fanya hivyo kileleni peke yake.

Kukata majani nako kuna watu wanakupenda mno. Mwanzoni mwa majira ya joto mti wenye afya huweza kuondolewa jani moja katika kila jozi, au yote, ukiacha kikonyo ambacho baadaye huanguka chenyewe, na majani yanayofuata huwa madogo zaidi. Mwaka huu usifanye, maana unasema mizizi inachungulia kwenye tundu la chungu. Mizizi hiyo inahitaji kupunguzwa na mti kubadilishiwa udongo pale macho yanapovimba, kabla hayajafunguka. Mti uliokatwa mizizi usiunyang'anye na majani katika mwaka mmoja.

Kuna jambo moja la kufanya leo hii. Kwenye tawi la pili naona waya wa zamani, na gome limeanza kuvimba pande zote mbili za waya. Gome la momiji ni jembamba na alama hiyo hukaa miaka. Usiufungue kwa kuuzungusha, utavunja vitawi. Ukate vipande vipande kwa koleo, kila mzunguko peke yake. Ukitaka kulishusha tawi hilo baadaye, tumia waya wa alumini, ambao ni laini kuliko wa shaba, au lifunge tu kwa uzi mpaka kwenye ukingo wa chungu, na uwe unalikagua kila wiki majira ya machipuko.

Zuberi aliniambia umeupa mti huo jina la mama mkwe wako. Sitaki kujua zaidi, ila naomba shemeji asiisome aya ile ya kunyima na kunyang'anya.

Sasa nijibu haya. Ni kweli kwamba shemeji aliuonea huruma akauingiza sebuleni karibu na kipasha joto, au Zuberi ameongeza chumvi? Kama umo ndani, tangu lini, na macho yamevimba? Huu ni mti wa nje na baridi unaihitaji. Kama bado umelala, utoe, ila ukinge chungu dhidi ya jalidi kali, kwani mizizi iliyomo chunguni haina ustahimilivu wa matawi. Kama umeshachipua, usiutoe kwa ghafla, uweke mahali penye ubaridi na mwanga mpaka nisikie kutoka kwako. Jirani alikwambia aliubadilishia udongo mwaka gani? Jua la mchana linafika pale kibarazani? Na huo mkasi ulionunua, ni wa maua au ni ule wenye mdomo wa mbonyeo unaoacha jeraha lililozama kidogo?

Nitumie picha moja iliyopigwa kutoka mbele, kamera ikiwa usawa wa chungu, kabla ya mwezi wa tatu kuingia. Mpaka hapo ufiche mkasi mahali ambapo wewe mwenyewe itakuwia taabu kuupata.

Wasalaam,
ndugu yako Rajabu