Kaka wa pawabenki, asante

Kaka uliyevaa kofia nyekundu pale getini kwenye tamasha la muziki Jumamosi usiku, Barabara ya Lang'ata, Nairobi, hujui ulichonifanyia. Tiketi zetu mbili zilikuwa ndani ya simu, na simu ikazima tukiwa tumebakiza watu watatu tu mbele yetu. Nilikuwa na baba yangu, aliyecheza ngoma za Them Mushrooms ujanani kule Mombasa, bendi hiyo ilikoanzia mwaka 1972. Mzee alishaanza, "Turudi tu nyumbani, mwanangu." Wewe ukatoa pawabenki, waya wake umefungwa kwa mpira wa kufungia noti, ukasimama nasi dakika kumi huku wenzako wakikuita ndani. Hata soda ukakataa.

Sasa nikuambie kilichofuata. Gitaa la kwanza lilipolia, mzee alinikabidhi bakora yake. Hakuiulizia mpaka saa saba usiku! (Magoti yalidai chao Jumapili, lakini hayo ni ya nyumbani.) Aliimba kila neno, sauti ikikwaruza, mkono juu kama kijana. Mimi jukwaa nililitazama kidogo sana. Nilikuwa namtazama yeye.

Ukiyasoma haya, soda yako bado ipo.