Si kubonyeza F12 tu: unacholipia tunapoweka imeji kwenye kompyuta zako

Kuweka imeji ni kuandaa kompyuta moja ikiwa na mfumo na programu zote, kisha kumwaga nakala ya diski yake kwenye nyingine, mara nyingi kupitia mtandao; F12 ni kitufe cha kuchagua kompyuta iwakie wapi. Lalamiko linalotufikia mara kwa mara ni hili: "Mmekuja, mmechomeka waya, mmebonyeza F12, mkakaa mnatazama skrini. Mbona bei ni kubwa hivyo?" Hivi karibuni mteja mmoja alikwenda mbali zaidi. Alisema kijana wa ofisini kwake angeifanya kazi ile ile kwa programu ya bure na diski ya nje, na kwamba anaona tumemlia pesa yake. Neno hilo limetuuma, kwa hiyo tunaeleza hapa kazi yenyewe ilivyo.

Ni kweli kwamba programu nyingi tunazotumia kunakili diski na kuwasha kompyuta kupitia mtandao ni za bure. Clonezilla ni ya bure, FOG ni ya bure, iPXE ni ya bure. Hatujawahi kulificha hilo, wala hatumtozi mtu kwa ajili yake. Kusukuma data nako si kazi kubwa: imeji ya GB 40 ikipita kwenye mtandao mzima wa gigabiti, unaopitisha takriban MB 110 kwa sekunde, humalizika kwa dakika sita au saba. Unacholipia ni maandalizi yanayotangulia dakika hizo, na balaa tunalolizuia lisije baada yake.

Njia ya mkato tunayoikuta sana ni hii. Ofisi imenunua kompyuta mpya, zote za aina moja. Mtu anachukua moja, anaweka Windows, anaiunga kwenye domeni (mfumo wa seva unaosimamia watumiaji na kompyuta za ofisi), anaingia kwa jina la mtumiaji, anaweka printa na programu zote. Kisha anainakili diski ile jinsi ilivyo na kuimwaga kwenye kompyuta zilizobaki. Jioni zote zinawaka, kila mtu anafurahi. Matatizo huja baadaye, tena moja moja, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kuyahusisha na siku ile.

Kila Windows ina namba yake ya utambulisho, SID, inayotengenezwa mfumo unapowekwa kwa mara ya kwanza. Ukinakili diski bila kuipitisha Sysprep, zana ya Windows ya kuandaa mashine inakiliwe, kwa chaguo la generalize linalofuta utambulisho huo, namba inahama pamoja na mafaili, na kompyuta zako zinakuwa kama ndugu wanaotembea na kitambulisho kimoja. Wapo wateja wanaotujibu kuwa hilo halina madhara, na hoja yao ina chanzo: mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft aliandika kwamba SID za mashine kufanana si tatizo kama watu walivyodhani. Lakini hata wakati huo Microsoft haikuacha kutaka Sysprep itumike, na mambo yamebadilika tangu hapo. Masasisho ya Windows 11 24H2 na Windows Server 2025 yaliyotolewa kuanzia mwisho wa Agosti 2025 yanakagua SID hizo, na mashine mbili zenye SID moja hushindwa kuthibitishana kwa Kerberos na NTLM, njia ambazo Windows hutumia kuhakiki nani ni nani mtandaoni. Folda za pamoja hazifunguki. Kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali kunagoma. Mtumiaji anaandika nenosiri sahihi na kuambiwa si sahihi.

Tuliitwa kwenye ofisi moja yenye shida hiyo hiyo. Kabla hatujafika walikuwa wameshabadilisha manenosiri ya wafanyakazi wote na kununua swichi mpya. Tulichofanya kwanza ni kusoma SID ya mashine mbili zilizokuwa zinakataana, tukaziweka namba pembeni kwa pembeni, tarakimu kwa tarakimu: zilikuwa moja. Hapo hakuna dawa ya juu juu. Mashine hizo zinapaswa kuwekwa upya kwa njia sahihi, na safari hii kila moja ina nyaraka za mtu, barua pepe za mtu na mipangilio ya mtu, vyote vikitakiwa kuokolewa kwanza. Kazi ambayo ingefanyika zikiwa bado tupu ikawa kubwa mara kadhaa, na bei ikafuata. Mteja alituona sisi ndio ghali.

Mara nyingine mtu anajua kabisa kuwa Sysprep inatakiwa, ila imemgomea. Anaiendesha, inaleta ujumbe wa kosa, anaamua kuiruka. Tunamwelewa, kwa sababu ujumbe wenyewe hausemi lolote la maana. Sababu huwa imeandikwa kwenye faili la setupact.log, ndani ya folda ya Panther iliyo chini ya folda ya Sysprep, na mara nyingi ni programu ya duka la Microsoft (Microsoft Store) iliyojiweka kwa mtumiaji mmoja tu badala ya kuandaliwa kwa wote. Iondoe kwa mtumiaji huyo, endesha tena. Sisi tunaandaa imeji kwenye mashine isiyo na intaneti hadi tumalize, ili duka lisipate nafasi ya kushusha vitu nyuma ya mgongo wetu, na domeni tunaiunga baada ya imeji kushuka.

Wenye Linux nao wasijione wamepona. Kuna faili la /etc/machine-id linalobeba utambulisho wa mashine, na kwenye mifumo inayotumia systemd-networkd kusimamia mtandao, utambulisho unaopelekwa kwa seva ya DHCP (inayogawa anwani za IP) hutokana na faili hilo. Nakili diski bila kulifuta, na mashine mbili zitapewa anwani moja ya IP huku kadi zao za mtandao zikiwa tofauti. Fundi anabadilisha waya na kuwasha upya ruta, haoni kitu. Funguo za SSH, zinazoitambulisha mashine kwa anayeingia kwa mbali, nazo zinakuwa zile zile kwenye mashine zote, na hilo ni tatizo la usalama, si la usumbufu tu.

Sasa tuje kwenye kubuti kwa mtandao kwenyewe, yaani kompyuta kuwaka kwa faili la kwenye seva badala ya diski yake, kwa maana hapa ndipo tunapoonekana tumekaa tu tunatazama skrini. Tunasoma. Kompyuta inapobuti kwa PXE, utaratibu wa kubuti kwa mtandao, kadi ya mtandao inapaza sauti kuomba anwani kwa DHCP, inasubiri kuambiwa pia jina la faili na seva lilipo, kisha inalivuta faili hilo kwa TFTP, njia nyepesi ya kusafirisha mafaili, kupitia mlango (port) wa 69. Kila hatua ina namna yake ya kufa na msimbo wake. PXE-E61 kwa kawaida inamaanisha waya haujashika. PXE-E51 inamaanisha hakuna aliyejibu ombi la anwani. PXE-E53 inamaanisha anwani imepatikana lakini jina la faili halikuja. PXE-E32 inamaanisha jina lilikuja lakini TFTP haikujibu, na mara nyingi ukuta wa moto wa seva ndio uliofunga. Anayesoma msimbo anajua aanzie wapi. Asiyesoma anazima na kuwasha hadi jioni.

Mteja mmoja alikuwa amegundua jambo la ajabu: kompyuta zake zinakataa kubuti zikichomekwa moja kwa moja ukutani, lakini akiweka swichi ndogo ya mezani katikati zinakubali. Akaanza kununua swichi ndogo kwa kila meza. Ugunduzi wake ulikuwa wa kweli, ila dawa ilikuwa mahali pengine. Swichi kubwa za ofisi hujilinda na mzunguko wa pakiti kwa utaratibu uitwao spanning tree. Katika mfumo wake wa zamani, mlango ukishikwa na waya hukaa sekunde 15 ukisikiliza na sekunde 15 nyingine ukijifunza kabla ya kupitisha chochote. Kadi nyingi hukata tamaa kabla, na programu ya kubuti inapoichukua kadi upya kiungo kinaweza kukatika na sekunde zikaanza kuhesabiwa tena. Swichi ndogo ya katikati ilikuwa inaushikilia mlango wa ukutani usilale. Tuliingia kwenye swichi kubwa, tukawasha portfast, mpangilio unaouruhusu mlango upitishe data mara moja, kwenye milango ya kompyuta peke yake, si ile inayounganisha swichi na swichi, na shida ikaisha. Kazi ya dakika chache, tunakiri. Lakini zile swichi ndogo zilikuwa zimeshalipiwa.

Kuna hii nyingine ambayo inatuudhi kuliko zote. Mashine mpya inatumia UEFI, programu ya kuwashia iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani, seva imepangwa kutoa faili la mashine za zamani, undionly.kpxe, kwa kila anayeomba. Bila shaka inagoma. Mtu anaingia kwenye mipangilio, anazima Secure Boot (ulinzi unaokubali faili la kubuti lililosainiwa tu), anageuza mashine iwe Legacy, yaani ibuti kwa njia ya BIOS, inabuti, anashangilia, anaweka mfumo. Diski sasa imegawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani ambao Windows haibuti nao kwa UEFI. Siku ofisi inapotaka Windows 11, inayodai UEFI, mashine hizo zote zinarudi mezani. Njia sahihi ni kuifundisha seva. Kadi inapoomba anwani hutaja aina yake kwenye chaguo la 93 la DHCP: 0 ni BIOS ya zamani, 7 ni UEFI ya biti 64. Seva ikisoma namba hiyo inampa kila mmoja faili lake, undionly.kpxe kwa wa zamani, ipxe.efi au snponly.efi kwa wapya. Ukiandika jina moja tu la faili kwenye chaguo la 67 na kuondoka, umemtega atakayekuja kesho. Na Secure Boot tunaishughulikia kwa faili lililosainiwa. Ikilazimika kuzimwa wakati wa kazi, tunairudisha kabla ya kukabidhi.

Waya nao wana visa vyao. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya, ilhali megabiti 100 inaridhika na mbili. Moja ya zile jozi mbili za ziada ikikatika, mara nyingi mtandao haufi, unashuka tu kimya kimya, na zile dakika saba zinakuwa kama saa nzima. Mbaya zaidi ni unapomwaga imeji kwa multicast, ambapo kompyuta zote zinapokea kwa pamoja na mwendo unafuata wa mwisho kabisa. Katika maabara moja ya kompyuta kazi ilikuwa inajikokota tangu asubuhi na wenyeji walikuwa wameshailaumu seva. Tulipita nyuma ya kabati la swichi tukiangalia taa: milango yote ilikuwa ya kijani isipokuwa mmoja wa rangi ya machungwa. Tukaufuata waya wake hadi chini ya meza. Mguu wa meza ulikuwa umeukalia, ganda limebonyea na kuwa bapa kama utepe. Ukabadilishwa waya mmoja, mwendo ukarudi kwa wote.

Kabla hatujachukua imeji tunaikagua diski ya chanzo, na hapa wateja hutuona wasumbufu. Diski yenye sekta mbovu hatuichukulii imeji ya kusambaza, hata ukisema "inawaka vizuri tu". Uharibifu mmoja utakuwa kwenye kila mashine. Windows iliyozimwa ikiwa na Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) huwa haijazimika sawasawa, imelala, na programu za kunakili hukataa kuigusa NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) ya namna hiyo. Wapo wanaoilazimisha. Sisi tunaizima kikamilifu kwa shutdown /s /t 0, kisha ndipo tunaendelea. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji fiche wa Windows, hatuinakili ikiwa imefungwa, kwa sababu programu haioni mafaili ndani yake, inabeba kila sekta hata zilizo tupu, na imeji inakuwa na ukubwa wa diski nzima.

Imeji ikishuka na Windows ikaonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, usikimbilie kusema imeji ni mbovu. Mara nyingi mashine ya chanzo ilikuwa inaendesha diski kwa njia ya AHCI na hii mpya imewekwa njia nyingine, RAID au VMD ya Intel, na draiva yake haimo. Draiva hizo tunaziingiza kwenye imeji mapema, kwa kila modeli uliyo nayo, na tunajaribu mashine moja ya kila modeli kabla ya kuziachia nyingine. Siku hiyo ya majaribio ndiyo wateja wengi hutuomba tuifute kwenye ankara. Hatuifuti, kwa sababu kosa likigunduliwa kwenye mashine moja ni kosa la mashine moja.

Kwa laptopu zisizo na tundu la mtandao, jambo dogo lakini la kuchosha: usitumie adapta moja ya USB kwa zote ukadhani seva itazitofautisha. FOG huzitambua mashine hasa kwa anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao, na MAC hiyo ni ya adapta, si ya laptopu. Mashine ya pili itaonekana ni ile ya kwanza na kupewa jina lake. Baadhi ya laptopu zinaweza kupitisha MAC yao wenyewe ukiwasha mpangilio huo kwenye UEFI, na adapta zetu tumezisajili kando ili seva izipuuze.

Ukitaka makadirio yenye ukweli, ututumie orodha ya modeli zako na idadi ya kila moja, ukubwa wa diski, aina ya swichi, na utuambie kama DHCP inatolewa na seva au na ruta. Tuambie pia kama kuna ruta ya ziada imechomekwa mahali popote ndani ya ofisi, hata ile ya kuongezea waifai, kwa maana DHCP mbili kwenye mtandao mmoja zinaweza kutupotezea asubuhi nzima. Na kama umeshajaribu mwenyewe ikakataa, hatukulaumu: piga picha skrini ikiwa bado na msimbo, kabla hujaizima, uitume pamoja na maombi yako. Picha hiyo inatupunguzia muda wa kutafuta, na huo ni muda ambao hatutakutoza.