Tupange pakiti kabla ya kununua kasi zaidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasimamizi wa mitandao ya shule, hospitali na ofisi zetu: kabla ya kuomba fedha za kuongeza kasi ya intaneti, wapange kwanza pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazopita katika laini waliyo nayo. Kompyuta ya Linux inayotumika kama ruta inaweza kutumia programu ya tc, isiyodai ada yoyote, ambayo vichujio vyake husoma kichwa cha kila pakiti, yaani anwani, itifaki, namba ya poti na alama ya DSCP (namba inayoonyesha pakiti ihudumiwe vipi), kisha huielekeza kwenye daraja lenye kiwango chake cha kasi. Simu ya sauti yenye alama 46 hutangulia. Faili kubwa linalopakuliwa husubiri kidogo, wala hakuna anayeumia.

Jambo moja linapuuzwa mno. Vichujio hukaguliwa kwa kufuata namba za kipaumbele, ndogo kwanza, na cha kwanza kinacholingana na pakiti ndicho kwa kawaida kinachoamua, kwa hiyo kichujio kipana kikitangulia, vile mahususi vilivyo nyuma yake havifikiwi kamwe. Tena, katika mpangilio wa HTB, njia ya tc ya kugawa kasi kwa madaraja, pakiti isiyolingana na kichujio chochote, pasipo daraja la chaguo-msingi la kuipokea, hupita bila kudhibitiwa hata kidogo, na hapo ndipo kazi yote iliyotangulia inapoharibika. Daraja hilo liandikwe siku ya kwanza, na kwa upakuaji udhibiti uwekwe kwenye kadi ya mtandao ya ruta inayoelekea kwa watumiaji.

Fundi mitandao,
Morogoro